Kanuni ya Saba

16 Februari 1986

Mdogo wangu Redio,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mimi sijambo, ni magoti tu yanayolalamika, na yana haki yao, maana nayakalisha kwenye cherehani tangu asubuhi. Binti yangu amejifungua mtoto wa pili, wa kike, na anasema mwaka huu hataweza kuja. Shangazi naye bado anamsimulia kila anayepita kwamba siku ya kukuaga ulimkanyaga mguu na hukuomba radhi kwa sababu ulikuwa unahubiri.

Barua yako ya kwanza ilifika mwisho wa Januari, nikaisoma Jumapili ya kwanza ya mwezi huu. Desturi yetu unaijua: aliyetumwa kuanzisha kanisa huandika kila mwezi, na katibu wa kamati huisoma mbele ya wote. Basi nilisimama nikaisoma neno kwa neno. Watu walipiga vigelegele hadi Mzee Miwani akavua miwani akaifuta. Mchungaji alisema kamati haijawahi kuchagua mtu vizuri kama safari hii. Mimi nilitazama chini, wasije wakaona ninavyojisikia.

Lakini nikuambie kitu. Ile barua ilikuwa safi mno, imepigwa pasi mpaka kwenye pindo, na wewe sikukuona ndani yake. Kuanzia sasa weka karatasi mbili katika bahasha moja, moja ya kusomwa kanisani na nyingine yangu.

Halafu lile friji ulilolifufua limeanza kunguruma tangu juma ulilosafiri. Linaanza ghafla, linatetemeka kama lina homa, kisha linanyamaza. Nadhani limekukasirikia.

Dada yako.


9 Machi 1986

Dada, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mpe mama yake pongezi zangu, na Shangazi mwambie naomba radhi kwa ule mguu, na kwamba mahubiri yenyewe hayakuwa na thamani ya kidole chake.

Umetaka karatasi yako, hii hapa. Nakaa vyumba viwili katika nyumba ya mtunza stoo mstaafu. Cha nyuma nalala, cha mbele ndicho kanisa. Vile viti kumi na viwili vya kukunja mlivyonipa navipanga kila Jumapili asubuhi, nne kwa tatu, halafu navipanga tena sita kwa mbili ili chumba kionekane kimejaa. Anakuja mwenye nyumba tu. Hasikii vizuri, na nadhani anakuja kwa sababu ni nyumba yake. Nahubiri kwa sauti ili anisikie, majirani wanafunga madirisha.

Watu wa hapa si wabaya, Dada. Wanajibu salamu vizuri sana, kisha wanatazama mikono yangu kuona nimebeba nini. Fundi wa magurudumu aliye ng'ambo ya barabara aliniuliza juzi ninafanya kazi gani. Tukazungumza hivi:

“Nimetumwa.”

“Umetumwa na nani?”

“Na kanisa.”

“Kufanya nini?”

“Kuwatembelea.”

“Mbona hatuumwi?”

Akarudi kwenye gurudumu lake. Ningecheka kama angekuwepo mtu wa kucheka naye. Mji mzima unaamka asubuhi na kwenda mahali, isipokuwa mimi. Mnanitumia posho, chakula kipo, na siwezi kulalamika. Ila mmenipa kila kitu isipokuwa sababu ya kubisha hodi kwa mtu. Ile kanuni ya saba, kwamba aliyetumwa asishike kazi nyingine yoyote, nani aliiandika? Sanduku langu la vifaa liko chini ya kitanda, limefungwa kwa kamba, kama nilivyoapa mbele yenu.

Wakati mwingine nawaza mngemtuma mpishi wa shule na mke wake. Wale hawajui kuhubiri, lakini nani aliyewahi kukuta nyumba yao haina mtu? Mimi mlinipima kwenye mimbari, na hapa hakuna mimbari. Kuna vibaraza, na kibarazani hakukai mtu asiye na shughuli.

Friji si hasira. Ni ile nati ya mguu wa mota, nyuma, chini kushoto. Imelegea. Chukua spana namba kumi, iko kwenye droo ya cherehani, uikaze mizunguko miwili. Litanyamaza kabisa.

Mdogo wako.


2 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mvua imeanza na paa la kanisa linavuja palepale, juu ya kiti cha Mzee Miwani, naye hataki kuhama kwa sababu anasema alikuwa hapo kabla ya tundu.

Uliuliza nani aliandika kanuni ya saba. Niliiandika mimi. Sasa kaa utulie, usirukeruke.

Wewe ulikuwa mdogo, unamkumbuka baba akiwa ameshakuwa mtu wa kusimuliwa: mwinjilisti aliyefungua makanisa matatu. Mimi nakumbuka randa na msumeno. Alitumwa bila posho, akaishi kwa useremala, na kila mtu wa mji ule alikuwa na haki naye kuliko sisi. Siku uliyozaliwa nilikimbia hadi karakana nikamwambia mama anaumia. Nilikuwa na miaka tisa. Akasema, “Namalizia mlango wa watu, tangulia, nakufuata.” Alifika jua limeshazama. Mama hakuwahi kuwa mzima tena baada ya siku ile, na mimi ndiye niliyekuosha, niliyekulisha na niliyekubeba mgongoni shuleni. Nilipoingia kwenye kamati nilijiapiza kwamba hakuna aliyetumwa atakayegawanywa hivyo. Ndiyo kanuni ya saba. Usiitukane.

Na kuhusu kuchaguliwa, ulipata kura tano kwa mbili. Mpishi wa shule alihubiri dakika sita, akasahau fungu lake, akakaa. Wewe ulipohubiri watu walisimama kabla hujamaliza. Ulitaka tufanye nini? Jikaze. Ni miezi mitatu tu tangu ufike. Redio ikikosa mawimbi haitupwi, inasogezwa dirishani.

Kuhusu ile nati, nitaangalia.

Dada yako.


11 Mei 1986

Dada, shikamoo.

Sijambo. Nashukuru kwa kunieleza habari za baba na mama. Sikuzijua. Nimezisoma mara nyingi, na sijui niseme nini, kwa hiyo sisemi.

Juma hili nimeongea na watu wanne. Wawili waliniuliza ni saa ngapi.

Nimegundua kwamba nikirudi kutoka posta nasema “hodi” mlangoni kwangu. Juzi nilijijibu “karibu”. Usimwambie mtu.

Kamba ya sanduku imelegea. Sijui nani kailegeza.

Umeikaza nati?

Mdogo wako.


9 Julai 1986

Mdogo wangu Redio,

Hii ni barua ya tatu naandika bila jibu. Mbili za kwanza kama zimekufika, sawa. Kama hazijafika, zilikuwa na salamu, habari za mtoto wa binti yangu kuota meno, na maneno makali ambayo nayafuta.

Juni nzima hakuna bahasha. Nimekwenda posta mpaka yule karani wa dirisha la pili akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika. Jumapili ya kwanza ya Juni nilisimama nikasema barua imechelewa njiani. Watu wakasema amina kwa upole. Jumapili iliyopita kanisa lilijaa, wakanitazama wote, wengine wameketi ukingoni mwa mabenchi. Unajua wanavyokaa wakisubiri barua yako? Wanakaa kama watu wa harusini wanaosubiri bibi harusi.

Jumapili ilipita salama. Usiniulize ilipitaje.

Unaumwa? Umekasirika? Ni ile habari ya baba? Kama ni hiyo, nitukane, lakini niandikie. Mzee Miwani atakuja huko mwisho wa mwezi kukutembelea, kamati imeamua. Fagia chumba. Sanduku likiwa wazi lifunge. Na akikuuliza jambo usilolielewa, basi… Nitakueleza baadaye.

Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Dada yako.


2 Agosti 1986

Dada, shikamoo.

Barua zako tatu nilizipata siku moja, zote zimekaa posta. Mwanzo sikwenda kuzichukua kwa sababu sikuwa nikiinuka, baadaye kwa aibu ya kukaa kimya. Nitakuambia yote, kwa mpangilio, maana nadhani unakaribia kuulizwa.

Mwisho wa Mei nililala Jumatatu moja na sikuamka. Sikuwa na homa, Dada. Usitafute dawa. Nililala tu na kutazama viti vimekunjwa ukutani. Nilikunywa maji, nikala mkate uliokauka, nikalala tena. Jumapili ilipofika sikuvipanga. Mwenye nyumba alikaa kibarazani kwake, akafikiri nimesafiri. Siku kumi na moja hakuna aliyebisha hodi. Nilizihesabu kwa kelele za fundi wa magurudumu akifungua na kufunga. Nilitaka kukuandikia, lakini nilishika kalamu nikaona sina hata salamu. Mimi, Redio.

Siku ya kumi na mbili mlango uligongwa kwa nguvu. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya mwisho wa barabara. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba mimi zamani nilikuwa fundi wa mafriji. Friji la chanjo lilikuwa limezima tangu asubuhi, na kesho yake ilikuwa siku ya watoto. Hakuuliza kwa nini nina ndevu. Alisema, “Leta vifaa vyako, twende.” Nikavuta sanduku, nikakata kamba kwa kisu.

Ilikuwa waya wa kidhibiti joto, umekatika. Kazi ya saa moja. Lakini nilipomaliza na mota ikaanza, yule muuguzi alikaa chini sakafuni kwa furaha akaniuliza jina langu. Tangu nifike mji huu, alikuwa wa kwanza kuniuliza hilo.

Tangu hapo sijalala mchana. Nimetengeneza la muuza soda, la mwenye bucha, na la mama mmoja anayeuza maziwa, ambalo lilikuwa na panya ndani. Nikiwa nyuma ya friji watu wanaongea nami, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hawaoni uso wangu. Yule wa maziwa alinieleza habari ya mumewe mpaka nikasahau bisibisi mkononi. Nilimwombea hapohapo, mikono ina grisi, maneno machache tu, na kwa mara ya kwanza tangu nitumwe sikusikia sauti yangu mwenyewe. Hajaja kanisani. Hakuna aliyekuja kanisani. Muuguzi alisema labda siku moja atapita. Ni hilo tu, nisije nikatia chumvi.

Sasa Mzee Miwani. Alifika Jumatano. Hakunikuta nyumbani, akaelekezwa zahanati, akanikuta nimelala chali chini ya friji. Akasubiri nitoke. Kisha akafungua daftari lake akasoma, kwa sauti ya huzuni: “Wako wapi wale tisa? Yuko wapi yule mama mshonaji aliyekuja Jumapili ya kwanza, akalia, akaleta na jirani zake?”

Nilisimama na spana mkononi. Sikuwa nimeandika barua ya Juni wala ya Julai. Nikamtazama, nikafikiri maneno hayo ameyanakili wapi. Halafu nikasikia, Dada. Mama mshonaji. Analia. Mimi sijui kuandika hivyo. Ni wewe unayeandika hivyo.

Sikukana. Anaamini nimedanganya kanisa, na amenikuta nimevunja kanuni ya saba mchana kweupe. Aliondoka bila kunywa maji.

Kwa hiyo sikiliza. Usiseme chochote kwenye kikao. Waache waamini ni mimi. Watanirudisha, nitakuja nyumbani, nitalala kile chumba changu cha uani, nitakaza ile nati ambayo najua hujaikaza. Kiti chako kwenye kamati kitabaki, na heshima yako itabaki. Umenibeba mgongoni vya kutosha. Safari hii acha nikubebe mimi.

Mdogo wako.


25 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi anakusalimu. Mtoto wa binti yangu ana meno manne sasa, wamenitumia picha, anafanana na mama yetu kwenye paji la uso.

Kikao kilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Nilikuwa na barua yako kwenye mkoba. Mzee Miwani alitoa taarifa yake bila ukali, alikuwa karibu kulia. Alisema kijana wetu ameongopa na ameacha huduma kwa ajili ya mafriji. Mchungaji akaniambia, “Katibu, andika azimio.”

Nikaweka kalamu mezani. Nikasema ile barua ya Julai niliitunga mimi, jikoni kwangu, Jumamosi jioni, kwa sababu sikuweza kusimama tena mbele ya watu mikono mitupu. Nikasema wale tisa niliwapanga kwa vidole. Na yule mama mshonaji aliyeingia akalia ni mimi mwenyewe, maana sikujua mwingine wa kumweka.

Mzee Miwani alivua miwani. Mimi niliendelea, kwa sababu nilijua nikikaa sitasimama tena. Niliwasomea barua yako, ile sehemu ya siku kumi na moja. Nisamehe. Ndiyo barua yako pekee ambayo haikupigiwa vigelegele. Nikawaambia tumekuwa tukichagua watu kwa sauti zao, kisha tunawatuma peke yao, kisha tunataka watuandikie furaha kila mwezi, na asiye nayo hana pa kuandika. Nikawaambia tungekwenda kwanza kukaa kwenye nyumba ya mtu, jioni mbili tatu, tuone nani anaingia bila kuitwa. Na nikawaambia wafute kanuni ya saba.

Ile haikuwa rahisi. Mmoja wa wazee, aliyemfahamu baba, aliniuliza kama nimesahau maumivu ya mama. Nikasema sijasahau hata siku moja. Lakini kuna kitu sikukuandikia Aprili, kwa sababu kingeniharibia hoja yangu. Siku ya kumzika baba nilitafuta waumini wake kwenye umati, nikawahesabu kwa milango aliyowatengenezea. Karibu wote aliwahi kuwatengenezea. Nililijua hilo tangu nikiwa msichana, na bado niliandika ile kanuni, kwa hasira ya mtoto wa miaka tisa. Baba alikosea kwa mama, si kwa randa.

Wakapiga kura kama urudishwe au ubaki na kazi yako. Tatu kwa tatu. Mchungaji akasema nitaacha ukatibu, lakini mpaka nitoke mlangoni mimi bado ni mjumbe, na kura ya saba ni yangu.

Sasa nikuambie ukweli, maana hii ni karatasi yangu na haisomwi na mtu. Nilitaka urudi. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho, pale, kalamu iko mezani. Nilikiona kile chumba cha uani kina taa. Nilikusikia ukibishana na Shangazi. Ilikuwa kuinua mkono tu, na kila mtu angesema katibu ametenda haki. Na miezi yote hii nimekuwa nikikuambia jikaze, jikaze, kwa sababu kama ningekuandikia mara moja tu kwamba nakukosa, ungekuja kwa basi la kwanza.

Nimepiga kura ubaki.

Kanuni ya saba imefutwa. Mwezi wa kumi na moja mpishi wa shule na mke wake watakuja kukaa nawe, wamekubali siku ileile, mke wake ameshaanza kufunga sufuria. Wapokee vizuri. Ndio waliokuwa wakinipitia kila Jumatano kunijulia hali. Huna haja ya kuandika barua ya kanisa tena mpaka uwe na la kusema. Faili nimemkabidhi Mzee Miwani, naye alinishika mkono na hakuuachia upesi.

Jana muumini mmoja alinisaidia kubeba vitambaa hadi ndani. Akasikia friji, akasema, “Mama, hii ni nati tu, nikukazie?” Nikamwambia aache.

Najua ilipo hiyo nati. Spana niliichukua kwenye droo siku ileile barua yako ya Machi ilipofika, nikapiga magoti nyuma ya friji, nikaishika nati kwa vidole. Ilikuwa imelegea kweli, mizunguko miwili, kama ulivyosema. Halafu mota ikaanza kunguruma, ukuta ukatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na nyumba ikawa kama kuna mtu.

Sikuikaza. Wala sitaikaza.

Dada yako.